Kumtia Shangazi Demani

Ukikaa barazani Wete na karatasi magotini, mpita njia wa kwanza atakuuliza unachora nini, na wa pili atamjibu kabla yako. Wa tatu haulizi. Atavuta kibao, atakaa, ataanza kukuelekeza. Mtu anayetaka kujifunza kuchora Pemba hahitaji darasa. Anahitaji subira na mahali pa kujificha.

Mimi ni maalim wa Jiografia. Uchoraji wangu wa miaka yote ulikuwa wa ubaoni: ramani ya Afrika, mto na vijito vyake, kilima kilichokatwa katikati ili wanafunzi waone matabaka ya miamba. Watu niliwachora pia, na wote walikuwa bapa. Nikimchora mvuvi, nilichokipata ni mpaka wa mvuvi. Mstari ulianza kisogoni, ukashuka mgongoni, ukapita unyayoni, ukapanda tumboni na kurudi ulikotoka, na ndani ya mpaka huo hamkuwa na mtu. Mvuvi wangu ungeweza kumpitisha chini ya mlango bila kuubisha.

Dawa ya maradhi haya ni ya zamani na ni nyepesi kuieleza. Badala ya kuchora ukingo wa umbo peke yake, unachora pia mistari inayokatiza juu ya umbo lenyewe, ikipanda pale mwili unapopanda na kuzama pale unapozama. Mkono ni mviringo, basi mstari unaukatiza kwa mviringo. Tumbo limetoka mbele, mstari nao utoke mbele. Hutii rangi wala hutii kivuli, jicho la mtazamaji litajaza yaliyobaki. Mimi niliposikia haya nilijiona nimeshafika. Kontua si ndiyo kazi yangu? Kila mwaka nasimama mbele ya watoto nikiwaambia: huu ni mstari unaounganisha mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari, ikibanana ujue mteremko ni mkali, ikiachana ujue ni tambarare. Lakini kontua za ramani hukitazama kilima kutoka angani, na mimi shangazi yangu namtazama kutoka mkekani. Ni elimu nyingine kabisa.

Kanuni ya kwanza niliipata kwenye kikombe cha kahawa. Ukikiinua kikombe mpaka mdomo wake ulingane sawasawa na jicho lako, mdomo ule unaonekana mstari mnyoofu. Ukikishusha kidogo, unafunguka ukawa mfano wa yai, na kila unavyozidi kukishusha yai linanenepa mpaka linakaribia duara. Ukikipandisha juu ya jicho, mambo yanageuka: sasa unaona kitako, na mistari yote inayokizunguka kikombe inapinda kwenda juu. Hapo ndipo penye siri ya ufundi huu. Mstari ulioshuka katikati unamwambia mtazamaji kwamba kitu kiko chini ya jicho lake, na ulionyanyuka katikati unamwambia kiko juu. Ukiichanganya ovyo kwenye mguu mmoja, umeuvunja mguu.

Tatizo ni kwamba majaribio haya niliyafanya barazani, jicho moja nimelifumba, kikombe kinapanda na kushuka mbele ya uso. Muuza kahawa alidhani kimeingia nzi, akaja kunibadilishia. Nikamweleza. Wazee wakasikia. Baada ya muda mfupi baraza nzima ilikuwa imefumba jicho moja na kuinua vikombe, na mabishano yameanza kuhusu nani anaona duara na nani anaona yai. Mzee mmoja, mtu wa kufuata jambo mpaka mwisho wake, alikipandisha chake juu ya paji la uso ili akione kitako, kabla hajakimaliza. Ilikuwa Ijumaa, na kanzu ilikuwa nyeupe.

Vitabuni niliwakuta watu waliohangaika na mistari hii kabla yangu, na nilijaribu kuwafuata. Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha New York na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1941 akiwa ameshafariki, aliwataka wanafunzi wachore taratibu sana, wakijiaminisha kwamba ncha ya penseli inaugusa mwili wa mtu mwenyewe wala si karatasi. Kwa New York ni shauri zuri. Wete, macho yakitembea juu ya mwili wa mtu kwa mwendo huo, watu hutazamia kuletewa posa.

Mwingine ni Mfaransa, Claude Mellan, mchonga mabamba ya kuchapia picha. Mwaka 1649 aliuchonga uso mzima wa Yesu kwa mstari mmoja usiokatika. Mstari ule unaanzia nchani mwa pua, unajizungusha kwenda nje, unapita macho, nywele na taji la miiba, na hauvukwi na mstari mwingine hata mmoja; panapotakiwa giza ameunenepesha, panapotakiwa mwanga ameukondesha. Nilimwomba mwenzangu anayefundisha Hisabati akae nimfanyie hivyo. Nilianzia puani, kama Mellan. Sasa pua ya mwenzangu ni ya kutosheleza, na mistari yangu ilinogewa pale pale. Nilipofika mashavuni karatasi ilikuwa imekwisha. Aliitazama kazi ile kimya, kisha akaniuliza kama ndivyo wanafunzi wanavyomwona wakiwa madawati ya mbele. Sikumjibu haraka ya kutosha.

Rafiki yangu anayeuza picha za tingatinga Mji Mkongwe hakuona kabisa haja ya mateso haya. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli na vipande vya hadibodi, wanyama wake wakiwa bapa, wana madoa na macho makubwa, na dunia ikawapenda vile vile walivyo. "Kaka," rafiki yangu aliniandikia kwenye simu, "mtalii hapimi tumbo la twiga. Anapima begi lake." Kibiashara ana haki. Lakini Tingatinga alijua anachokitaka na akakipata. Ubapa wangu mimi haukuwa mtindo, ulikuwa umaskini.

Kilichobaki ilikuwa kuona kazi za mabingwa kwa macho, na kumbe nilikuwa nazo mfukoni, angalau mwisho wa mwezi. Zichukue noti zetu. Picha zake zimechongwa kwa mistari, na wino wake umenyanyuka, ndiyo maana ukipitisha kidole unasikia mikwaruzo. Shavu la Mwalimu Nyerere kwenye elfu moja, uso wa simba wa elfu mbili, mikunjo ya kifaru wa elfu tano, mkonga wa ndovu wa elfu kumi: kile ulichodhani ni kivuli, ukikitazama kwa lenzi ni mistari myembamba inayoviringika kufuata mwili. Mzee Karume naye alikuwapo kwenye noti ya mia tano, mpaka mwaka 2014 ilipoletwa sarafu yake.

Kifaru alinipa moyo kwa sababu ya pekee. Pemba hatuna kifaru, wala simba, wala ndovu. Mnyama wetu wa kujivunia ni popo, mkubwa kweli, lakini popo. Basi nikawa najiuliza mtu wa kisiwani atajifunza vipi mwili wa mnyama asiyemwona. Jibu alikwisha kulitoa Mjerumani Albrecht Dürer mwaka 1515. Wareno walimsafirisha kifaru kwa jahazi kutoka India hadi Lisbon. Dürer hakumwona, aliletewa maelezo na mchoro wa mtu mwingine, akakaa akamchora. Alimvika mabamba ya chuma na kumwongezea kijipembe mabegani, na kwa kuwa mistari yake ilikuwa imekwenda vizuri, Ulaya ilimwamini kifaru yule kwa miaka mingi kuliko ilivyowaamini vifaru wenyewe. Mwili ukikaa sawa kwenye karatasi, mtu hakuulizi tena kama ni kweli.

Kwa moyo huo nilisimama kwenye duka ninalonunulia sukari, lenzi ya skuli jichoni, elfu kumi mkononi, nikiufuata mkonga. Mwenye duka aliinama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama noti ina kasoro. Nikamjibu kwa furaha kwamba haina kasoro hata kidogo, imechongwa vizuri mno, na kwamba kesho, panapo majaaliwa, nitaanza kuichora mwenyewe.

Habari za Pemba hazingoji gari. Kufikia alasiri hapakuwa na mtu sokoni aliyetaka noti iliyotoka mkononi mwangu. Muuza samaki aliniomba sarafu. Mwenye halua alinifungia robo kilo, akasema nichukue tu, nitalipa siku nyingine, na siku hiyo nikija nije na mtu mzima. Wanafunzi wangu, ambao hawajawahi kunifuata kwa swali la Jiografia, walinifuata kuniuliza wino unanunuliwa wapi.

Baada ya Isha akaja sheha. Alinisalimia, akauliza hali ya shangazi, akauliza ya mvua, akauliza ya mvua tena, halafu akasema angependa kuiona hiyo mashine, kama haina usumbufu. Nikamtolea karatasi ya manila. Juu yake palikuwa na mkonga wa ndovu, mkonga tu, umeanzia pembe ya juu ukaishia pembe ya chini, na mistari yake yote. Sheha aliitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu, akaipima kwa shubiri.

"Hii," alisema mwishowe, "haiingii mfukoni."

Kesi ikaishia hapo. Ila kabla ya kuaga aliniomba ile lenzi kidogo, akatoa elfu tano yake mwenyewe, na kahawa niliyomtengea ilipoa huku amekiinamia kifaru.

Kesi ya pili ilikuwa nzito zaidi, kwani aliyeileta ni ustadhi aliyenifundisha kusoma Qur'ani nikiwa mdogo, na mtu wa namna hiyo humkatizi. Alinikumbusha kwa upole kwamba wanazuoni wamelizungumza sana suala la picha za viumbe vyenye roho, na kwamba wapo waliotenganisha kati ya sanamu lenye mwili na kivuli, na picha iliyolala bapa isiyo na kivuli. Hii ya pili baadhi yao waliilegezea. Nikamwambia hiyo ni habari njema, yangu mimi ni picha ya karatasi, imelala bapa. Akachukua karatasi, akaitazama.

"Zamani ilikuwa imelala," alisema. "Hii ya leo naona imeanza kuamka. Ulipokuwa hujui kuchora, mwanangu, hatukuwa na wasiwasi nawe."

Ni sifa bora kuliko zote nilizopata kwa uchoraji wangu, na ilinijia kwa njia ya onyo. Tulizungumza sana. Alinitajia pia kauli kwamba picha isiyo na kichwa haihesabiwi kuwa ya kiumbe hai, na mimi nikaikumbatia kauli hiyo kwa mikono miwili. Miili nitachora, vichwa nitaviacha. Nikatoka pale nimetulia, nikaenda moja kwa moja kumchora shangazi.

Shangazi hukaa mkekani uani akisuka ukili, mguu mmoja ameunyoosha, mwingine ameukunja. Amevaa kanga, na kanga ni neema kwa mwenye kuitafuta mistari hii, kwa sababu pindo lake limekwisha kufanya nusu ya kazi. Linazunguka kiunoni, linapanda juu ya nyonga, linazama pajani, linapanda tena gotini, na popote lilipokwenda limekuonyesha mwili ulio chini yake umekaaje. Nililifuata pindo kwanza. Kisha nikaongeza mistari mingine juu na chini yake, sambamba, nikichunga kanuni ya kikombe: goti liko chini ya jicho langu, basi mistari ishuke, bega liko juu, basi ipande. Mara hii umbo lilinyanyuka kutoka kwenye karatasi. Nilifurahi hata nikasahau kuificha.

"Huyu nani?"

"Wewe, shangazi."

"Kichwa changu kiko wapi?"

"Ustadhi amesema…"

"Ustadhi amesema unichinje?"

Nikajaribu kueleza. Shangazi hakuwa tena kwenye suala la kichwa. Alikuwa ameshuka chini.

"Tumbo umelichora lote, hukusaza hata inchi, kichwa ndicho ulichokionea haya. Na hizi fito ulizonizungushia ni za nini?"

"Si fito, shangazi. Ni mistari ya kuonyesha umbo."

"Umenitia demani."

Mtoto wa dada yangu, ambaye huwa hayupo ila pale anapoharibu, alikuja akasimama begani kwangu, akaikagua picha kwa makini na kuuliza samaki wanaingilia wapi. Kwa haki ya Mungu, lilikuwa ni swali zuri. Mtego wa dema unausuka kwa fito zinazokatizana, na hata ukiwa mtupu mchangani unauona tumbo lake, ubavu wake, mdomo wake, mbele na nyuma kwa pamoja. Nilitaka kumweleza shangazi kwamba amenisifu. Alikuwa ameshavua kandambili.

Kutoka hapo nilitambua kwamba mistari ya kubuni haitoshi, inafaa nione mstari wa kweli umelala juu ya mwili wa kweli. Na kama kuna kitu Pemba hakikosekani, ni mstari wa kweli: ukili. Shangazi alikuwa amekwisha kusuka pima nyingi, mwekundu na kijani, umekunjwa kando ukingoja kushonwa mkeka. Nikampa mtoto wa dada yangu kashata, naye akakubali kusimama wima uani huku nikimzungushia ukili kuanzia vifundoni mpaka makwapani, nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ikiwa sawa.

Nasema kweli, sijaona somo zuri kama lile. Kwanza niliona kwamba mstari hausimami ukingoni. Unageuka, unakwenda nyuma ambako huuoni, na mchoraji anayeusimamisha ukingoni ameukata mwili kwa kisu. Pili, vipande vya rangi ambavyo mbele ya tumbo ni vipana, ukivifuata ubavuni vinasinyaa mpaka vinakuwa uzi, ingawa ukili ni ule ule. Tatu, alipoegemea mguu mmoja, mizunguko ya upande ule ilibanana kiunoni na ya upande wa pili ikaachana, na hapo hapo nikamkumbuka mtoto wa darasa langu anayechora kontua zote sawasawa kana kwamba Pemba haina vilima. Nikainama kuchukua penseli.

Muuza aiskrimu wa baiskeli akapiga honi barabarani.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Asiyeijua Pemba ya msimu niseme tu kwamba kila palipo na jua pana jamvi na kila penye jamvi pana karafuu, mpaka kando ya lami. Karafuu hukaa juani siku kadhaa, hutandazwa asubuhi, hukusanywa jioni, huchungwa na mvua kuliko mtoto mchanga. Usiku familia hukaa kuzichambua mbichi, karafuu upande huu na makonyo upande ule, kwa sababu Shirika la ZSTC hununua kwa madaraja na uchafu hushusha daraja. Katika hali hiyo mtoto aliyefungwa ukili miguu yote miwili aliruka nje ya ua kumfuata muuza aiskrimu, kwanza kwa kudunda, kisha, ukili ulipoanza kufunguka, kwa mbio. Nyuma yake zilifuata pima za shangazi. Ukili ulizunguka mguu wa kitanda cha kamba kilichoanikwa makonyo, ukakivuta. Ukakamata pembe ya jamvi la jirani lenye karafuu kavu, ukalikunja. Ukamalizia kwenye jamvi la karafuu zilizochumwa asubuhi ile. Kavu, mbichi na makonyo vikawa kitu kimoja. Mtoto alipata aiskrimu yake.

Jirani alitoka, akaangalia. Ni mtu asiyepandisha sauti.

"Mwaka 1872," alisema, "kimbunga kiling'oa mikarafuu Unguja, Mwenyezi Mungu akaiepusha Pemba. Hatukujua kwamba alikuwa anatuwekea maalim wa Jiografia."

Tulichambua mpaka usiku mkubwa, mimi, shangazi, jirani na watoto wake, na hata mwenzangu wa Hisabati alikuja, nadhani kufurahia. Nilijaribu kusema kwamba karafuu nayo, ukiitazama vizuri, ina kijiti na vikucha vinne vilivyokamata kichwa cha mviringo, na kwamba mistari yake ingekuwa… Shangazi alinitazama. Nikarudi kwenye makonyo.

Mavuno yalipokwisha nilikwenda Kengeja kwenye mchezo wa ng'ombe, ule ambao watu husema tumeachiwa na Wareno, nikitumaini kuichora nundu. Nundu ya ng'ombe dume ni darasa la mistari lenye kwato. Nilipanda mwembe pamoja na watazamaji wengine, nikaanza. Ila ng'ombe hakai. Anachokozwa ili asikae, ndio mchezo wenyewe. Nundu niliianza akiwa amenielekea, nikaimaliza akiwa amegeuka, na kwenye karatasi ninaye mpaka leo mnyama ambaye nundu yake inakwenda Mkoani na kichwa chake kinakwenda Konde. Nina hakika Dürer angemchapisha.

Aliyenifundisha kazi hasa ni fundi wa mashua, chini ya mji, pwani. Fundi huyu hapigi ramani. Anaulaza mkuku, anasimamisha fashini, kisha anapandisha mbao za ubavuni moja baada ya moja mpaka chombo kimepata tumbo. Mataruma, zile mbavu za ndani, huja baadaye. Nilimkuta amechukua kipande cha waya, amekilaza ndani ya mashua kutoka mkukuni hadi ukingoni, amekibonyeza mpaka kikafuata kila mpindo wa mbao. Akakitoa na kwenda nacho kwenye lundo lake la miti, akawa anakilinganisha na tawi hili na lile.

"Mti hatuukunji, maalim," aliniambia. "Tunautafuta uliojikunja wenyewe."

Nilikaa pale siku nzima. Waya ule ulikuwa ndio mstari niliokuwa nikiuhangaikia, ila yeye haubuni, anauchukua kwenye chombo chenyewe. Nikaanza kuchora mashua yake hivyo hivyo: sehemu kwa sehemu, nikijiuliza kila mahali waya ungepinda wapi kama ungelazwa hapa, na hapa, na hapa. Mbele ambako chombo ni chembamba mistari ilikuwa na ncha, katikati ilijaa, nyuma ikabanana tena. Ilipokamilika ungesema unaweza kuingia ndani ukaketi. Fundi aliipenda, akaichukua kumwonyesha mwenye mashua, mtu wa Tumbe, aliyekuwa ametoa nusu ya pesa na kuzuia nusu.

Siku chache baadaye kijana wa fundi alinijia skuli, katikati ya kipindi. "Fundi anasema uje sasa hivi, na raba."

Nilimkuta fundi amekaa upande mmoja wa mashua na mwenye mashua upande wa pili, picha yangu katikati yao. Yule wa Tumbe alikuwa ameihesabu mistari yote niliyoichora ubavuni, halafu ameingia ndani ya mashua na kuhesabu mataruma. Hesabu hazikulingana. Kwenye karatasi mbavu zilikuwa nyingi zaidi, na yeye alitaka zote, kwa bei ile ile.

"Ama ufute," fundi aliniambia, "ama ukanunue mbao."

Nilifuta pale pale, tumekaa mchangani. Nilipomaliza, mwenye mashua aliichukua picha, akaigeuza huku na huku, uso ukabadilika.

"Mbona sasa imelala?" aliuliza. "Mimi nimeagizia chombo cha kubeba mzigo. Hiki hakina tumbo."

Nikairudisha mistari, yote, na fundi akaanza tena kugombana, na jua likaanza kushuka. Suluhu aliileta yule kijana. Picha ikabaki na mistari yake, na chini yake nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, herufi kubwa: MISTARI HII SI MATARUMA. Mwenye mashua akatia sahihi, fundi akatia dole gumba, na mimi nikalipwa pweza wawili wabichi. Nilikimbia nao nyumbani kutafuta penseli, maana kwa mistari hii hakuna mwili unaomshinda pweza. Shangazi alishatia nazi jikoni.